Sekunde Saba

Siku ya kwanza hawakunipa ufunguo.
Mwalimu Kuramoto aliilaza pikipiki ubavu,
polepole, kama mtu amlazaye ng'ombe mgonjwa,
akarudi nyuma hatua mbili, akasema: Inua.

Kilo mia moja tisini na tisa.
Nikavuta kwa mikono, haikutikisika.
Nikavuta kwa hasira, hasira ikaisha kabla yake.
"Si mikono, Bi Orita. Kifua kwenye tangi,
kisha tembea. Tembea tu, kama uendaye dukani."
Nikaenda dukani pasipo duka,
na chuma kikasimama pamoja nami.

Nina miaka arobaini na sita. Nafua mashuka
ya hoteli moja ya maji moto, ng'ambo ya kilima,
na mwezi Machi kampuni ya usafiri
ilibandika karatasi kituoni:
basi la alfajiri, basi.

Ndipo nikaja hapa Kurayoshi, kwenye uwanja wenye ua,
taa za barabarani bila barabara,
kivuko cha reli bila reli ya kweli.
Nasimama. Natazama kulia, natazama kushoto,
naisikilizia treni ambayo haijawahi kuja,
maana asiyesimama hukatwa alama.

Saa kumi na tisa, ndivyo sheria itakavyo.
Kila saa na muhuri wake kwenye kadi,
mwekundu, mdogo kama punje ya ulezi.
Renji wa miaka kumi na saba ananipita mihuri mitano
na ananiita Mama pale tu anaponionea huruma.

Halafu kuna daraja.
Ni zege, shubiri moja na ziada kwa upana,
meta kumi na tano urefu, kimo vidole vitatu.
Chini yake hakuna mto, kuna lami ileile,
lakini aliyeanguka ameanguka.

Nilidhani watanifundisha kukimbia.
Kumbe mtihani ni kuchelewa:
usifike ng'ambo kabla ya sekunde saba.
Renji huvuka kwa nne, kama aliyeitwa chakula.
Mimi jana, mbili, kisha nyasi.

"Unatazama gurudumu," Mwalimu akasema.
"Gurudumu linajua lilipo. Tazama uendako."
Niendako palikuwa na ukuta,
na nyuma ya ukuta, mipeasi ya jirani,
kila tunda limevishwa mfuko wa karatasi,
kila moja na kofia yake ngumu,
yakingoja ruhusa ya kuiva.

Miaka ishirini nilikaa nyuma ya Shigeo,
nimeshika mkanda wake.
Nikadhani barabara ni rangi ya koti,
kahawia, na mshono mmoja uliofumuka
ambao niliahidi kuushona kila Jumapili.
Siku hizi yuko Osaka, yeye na koti.
Sijui nani anatazama mshono ule.

Alhamisi, manyunyu. Renji alikuwa ameangusha koni tatu
na Mwalimu ameinama kuzisimamisha.
Sikungoja filimbi. Nikapanda daraja.
Klachi nusu, breki ya mguu nusu, pumzi nusu,
magoti yameshika tangi kama yalivyokatazwa kushika mtu.
Moja. Mbili. Injini inanguruma chini chini,
tatu, usukani unatetemeka kulia, kushoto,
nne, mvua juu ya kioo cha kofia,
tano, peasi, sita, peasi ileile,
saba,
nane, na bado nipo juu.

Nikashuka upande wa pili kwa mtikiso mdogo,
kama mtu aliyekosea hesabu ya ngazi gizani.
"Umeona?" nikapaza sauti.
"Nini?" Koni mkononi,
saa yake shingoni inasoma sifuri.

"Rudi mwanzo wa mstari, Bi Orita."

Nikarudi. Wala sikuwa na haraka.